Kwa manesi vijana: muulizeni shahidi alianza kusema lini

Wanangu manesi,

Wiki nzima nimekaa kimya nasoma mnavyobishana kuhusu kesi ya yule nesi wa Uingereza, Lucy Letby, nikasema labda mtatulia wenyewe, wapi. Mmoja kaweka picha yake kaandika "angalieni macho hayo, muuaji kabisa", mwingine kamjibu "sura ya upole vile aue watoto njiti, haiwezekani", halafu yakafuata matusi. Hivi nyie mlisomea wapi? Mgonjwa akiletwa mnampima presha, mnahesabu mapigo, mnaandika kila mililita inayoingia na inayotoka, ila ikija kesi ya nesi mwenzenu mnapima macho.

Mimi sijaja kusema ana hatia au hana. Agosti 2023 alikutwa na hatia ya kuua watoto saba na kujaribu kuua wengine sita, Julai 2024 akaongezewa hatia ya kujaribu kuua mmoja zaidi, amehukumiwa kufia gerezani na mahakama ya rufani ilimkatalia. Februari 2025 wataalamu 14 wakiongozwa na Shoo Lee, daktari wa watoto wachanga ambaye utafiti wake wa mwaka 1989 kuhusu hewa kuingia kwenye mishipa ya damu ulitumiwa na upande wa mashtaka, wakatoka hadharani wakasema wamepitia mafaili hawakuona mauaji. Hayo yana watu wake wa kuyabishania. Mimi nataka kuongea na nyie kuhusu mashahidi, maana siku moja na nyie mtaitwa kusimama pale mbele, na nikiwaangalia mnavyoongea nawaogopa.

Swali la kumuuliza shahidi ni moja kabla ya yote. Hili unalosema leo, ulianza kulisema lini? Kabla ya kujua nani anatuhumiwa au baada?

Ngoja niwaambie kwa nini swali hili linaniwasha. Miaka ya nyuma sana nilipokuwa kijana kama nyie, tulihesabu kabati la DDA, lile la dawa kali zinazofungiwa kwa ufunguo, asubuhi tukakuta ampuli mbili za pethidini, dawa kali ya maumivu, hazipo. Zamu ile ya usiku tulikuwa watatu, mmoja wetu alikuwa dada mkimya, hachangii mazungumzo, hanywi chai na wenzake, akimaliza kazi anakaa na kitabu chake. Matroni akauliza nani aliingia chumba cha dawa. Mtu mmoja tu, mmoja, akasema "mimi sitaki kumsingizia mtu, lakini…" akataja jina la yule dada. Basi. Kufika mchana kila mtu kashakumbuka kitu, huyu anakumbuka alimwona anahangaika, yule anakumbuka aliwahi kumuuliza ufunguo anakaa nao nani, hata wa wodi ya jirani wakaja na zao. Na mimi, wanangu, niliandika maelezo kwa mkono wangu nikasaini, kwamba nilimwona anatoka chumba cha dawa anatembea haraka, mkono mmoja mfukoni. Sikudanganya. Nilikuwa namwona kabisa kichwani, mpaka mwanga wa taa ya koridoni.

Akasimamishwa kazi wiki tatu. Halafu ikagundulika zile ampuli zilikopeshwa chumba cha upasuaji usiku uleule kulikuwa na dharura, wakaandika kwenye daftari lao sisi hatukuandika kwenye letu, yaani kosa la uandishi tu. Akarudi kazini. Akanifuata pembeni, hakupandisha sauti, akaniambia, "Dada, gauni langu la zamu mifuko ilitoboka nikaishona yote. Huo mkono niliuweka wapi?"

Sasa kaa na hilo halafu uende ukasome kesi ya Lucia de Berk, nesi wa Uholanzi. Septemba 2001 mtoto mchanga alikufa hospitali ya watoto The Hague, mwanzoni madaktari wakaona ni kifo cha kawaida, nesi mmoja akatoa wasiwasi wake kuhusu Lucia na kifo kilekile kikageuka kuwa cha mashaka. Wakaanza kurudi nyuma kutafuta matukio, na mnajua ukitafuta tukio la mashaka huku jina unalo mkononi, unatafutia wapi? Kwenye zamu zake. Mahakama ikaambiwa uwezekano wa hayo kutokea kwa bahati tu ni moja kati ya milioni 342, kifungo cha maisha mwaka 2003. Kumbe hesabu ile ilikuwa mbovu, na vifo pale wodini vilikuwa vingi zaidi miaka kabla hajafika. Na shahidi alikuwepo! Mahabusu mmoja aliyekuwa naye sehemu ya uchunguzi wa akili alisema Lucia alimwambia amewapumzisha watu 13 wasiteseke, baadaye mwenyewe akakiri aliitunga. Lucia alipigwa na stroku akiwa gerezani, akaja kusafishwa kabisa Aprili 2010. Miaka hiyo yote wale waliomkumbuka vibaya walikuwa wanalala kwao.

Msiniambie basi bibi anatetea manesi wote, hapana. Wapo wanaoua. Beverley Allitt mwaka 1993 huko huko Uingereza alikutwa na hatia ya kuua watoto wanne. Niels Högel wa Ujerumani alikutwa na hatia ya kuua wagonjwa 85, hukumu ya 2019, na hii ndiyo inanisumbua hata zaidi, maana wenzake wa hospitali ya kwanza walipoitwa mahakamani wakawa hawakumbuki. Sikumbuki, sijui, sikuona, mmoja baada ya mwingine, mpaka wengine wakachunguzwa kwa kusema uongo chini ya kiapo. Na hospitali hiyo ilishamwandikia barua nzuri ya kumsifia akaenda kuanza kwingine. Kwa hiyo kumbukumbu za wafanyakazi wa wodi zina tabia ya maji, zinafuata mteremko. Nesi asiyependwa akituhumiwa kila mtu anakumbuka, hospitali ikiwa ndiyo itakayoumbuka hakuna anayekumbuka.

Rudini sasa kwa Letby na swali letu. Matukio ni ya Juni 2015 hadi Juni 2016, kesi ilianza kusikilizwa Oktoba 2022, kwa hiyo nesi anasimama kueleza nani alikuwa kitanda gani miaka sita, saba nyuma. Wewe unakumbuka zamu yako ya Jumanne iliyopita? Lakini haki iende pande zote, wale madaktari waliofanya naye kazi walikuwa na wasiwasi mapema, walishapeleka malalamiko kwa uongozi kabla polisi hawajaitwa Mei 2017, tena uongozi ukawalazimisha kumwomba radhi. Hapo wana pointi, hawakukumbuka baada ya kuona kwenye TV. Ila hata hapo lazima uendelee kuuliza: kile walichoandika wakati ule ndicho walichokisema kizimbani, au kimekua njiani? Anayetumia swali hili kwa upande asioupenda tu bora alale.

Mengine nitayapitia haraka.

Chati ya zamu. Ile yenye alama ya X chini ya jina lake kwa kila tukio. Vifo vingine vya kipindi hichohicho ambavyo hakushtakiwa navyo havikuwekwa. Muulizeni aliyechora, aliamua vipi tukio lipi liingie.

Mtaalamu. Si kila aliyesoma sana kasomea hilo, na asikilizwe wa pande zote. Utetezi pale, ukimtoa Letby mwenyewe, ulileta shahidi mmoja tu, fundi bomba kueleza maji taka ya hospitalini. Fundi bomba!

Vikaratasi vya Letby mwenyewe. Aliandika mimi ni mwovu nimefanya haya, akaandika pia sijafanya kosa lolote. Ukisoma kimoja soma na kingine.

Mashine. Rekodi za kadi za kufungulia mlango kwenye kesi yake ya kwanza zilikuja kuonekana zilisomwa kinyume, kuingia kukaitwa kutoka. Mashine haina chuki ila anayeisoma ni mtu.

Na kulia au kutokulia kizimbani si ushahidi, nimeosha maiti na kukaa na wafiwa wengi mpaka najua, kuna anayelia na hajali na kuna anayejali hata chozi hana.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi watu hatuvumilii kifo kisicho na mwenyewe. Watoto wakifa wengi, wodi ina manesi pungufu, daktari bingwa anapita mara chache, hilo ni gumu kulishtaki, halina sura. Mtu mmoja ana sura. Na wale wazazi, Mungu wangu, wao wanastahili jibu la kweli kuliko mtu yeyote, na jibu likija kuwa la uongo wanafiwa mara ya pili.

Wanangu, andikeni. Ukiona kitu kibaya zamu hii, kiandike zamu hii, saa ngapi, uliona nini kwa macho yako, kisha usaini, usingoje uulizwe. Na usichokiona usikiandike hata kama wodi nzima imekiona. Kwenye maswali ya dodoso wakili akikubana sema "sikumbuki" pale ambapo hukumbuki kweli, wala si aibu.

Yule dada alihama baada ya miezi michache. Nilimwomba radhi akanikubalia, tukaachana vizuri. Ila niwaambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu: najua ile mifuko ilikuwa imeshonwa, alinisogezea gauni nikaishika mwenyewe kwa vidole vyangu, na mpaka leo nikifumba macho namwona anatoka chumba cha dawa, anatembea haraka, mkono uko mfukoni.