Mdogo wangu amenisimanga kwa ajili ya mbwa mzee

Anti, shikamoo.

Sasa hivi inakaribia saa kumi alfajiri na sijafumba jicho. Tafadhali usinijibu kwamba huyu ni mbwa tu. Hilo nimeshaambiwa, tena na mtu anayenipenda, sihitaji kulisikia mara ya pili. Swali langu ni la nepi. Nataka kujua kama mbwa mzee anaweza kulala na nepi usiku kucha bila ngozi kuharibika. Basi. Mengine nakueleza ili uielewe hali yenyewe.

Ni jike, kavuka miaka 13, mkubwa wa umbo, alifungwa kizazi tangu angali kijana. Mambo yalianza kidogo kidogo. Anaamka, pale alipolala pana unyevu wa ukubwa wa kiganja, mimi nadhani kamwaga maji ya bakuli. Baadaye ikawa zulia, ikawa kochi. Mwenyewe hana habari. Amelala fofofo, mkojo unamtoka, akiinuka anapanusa pale chini kwa mshangao kana kwamba kapita mbwa mwingine. Ndiyo maana napandwa na hasira mtu akisema anafanya makusudi. Huyu tangu mdogo alikuwa akibanwa anakwaruza mlango, na usipomfungulia atakukwaruza wewe. Mdogo wangu anayajua hayo yote. Alikuwepo. Ndiyo maana neno lake limeniuma vile.

Kwa daktari wa mifugo nimempeleka, usije ukaniuliza. Hakukimbilia kumpa dawa. Kwanza aliuliza kama anachuchumaa ndipo anakojoa, au unamtoka tu amelala. Akaniuliza kama siku hizi anakunywa maji kuliko zamani. Akaniagiza nipime maji anayokunywa kwa saa 24 kwa chupa yenye vipimo, maana mbwa akizidi mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, huenda kuna ugonjwa nyuma yake: kisukari, figo, au tezi zinazomwaga homoni kupita kiasi. Wangu ana kilo 24, yaani angetakiwa apite lita mbili na nusu hivi, na hakukaribia hapo. Mkojo ukapimwa, haukuwa na sukari wala vijidudu. Ndipo akasema ni ule msuli unaofunga njia ya mkojo, umelegea. Huwatokea zaidi majike waliofungwa kizazi, hasa wenye miili mikubwa, kwa kuwa ile homoni ya estrojeni iliyokuwa inausaidia msuli kukaza imepungua, na inaweza kuanza miaka mingi baada ya operesheni. Kwa hiyo si malezi mabaya wala si kwamba nimemdekeza. Ukinijibu, naomba hilo uliandike kwa herufi kubwa.

Alipewa dawa ya kukaza huo msuli, fenilipropanolamini, baada ya kupimwa moyo na presha kwa sababu dawa yenyewe inaweza kupandisha presha na kumfanya mbwa ahangaike. Alikauka kabisa, nikasahau hata ilivyokuwa. Kisha mambo yakarudi kwa sura nyingine: anachuchumaa kila mara, anatoa matone mawili matatu, na harufu ni kali. Safari hii ilikuwa UTI. Mkojo ulivutwa kwa sindano moja kwa moja kutoka kwenye kibofu ili usichanganyike na uchafu wa nje, vijidudu vikaoteshwa maabara ijulikane ni antibayotiki ipi itaviua. Hilo nalo likaisha. Lakini sasa nyonga zimechoka. Usiku akihisi kubanwa, mpaka miguu ya nyuma ikubali kuinuka, mkojo umeshafika sakafuni. Mchana namtoa mara kwa mara na hatuna shida kubwa. Usiku ndiyo kesi.

Basi katika hali hiyo ndipo mdogo wangu alipokuja kukaa nami kwa muda. Nilifurahi sana. Jioni moja nikaona bakuli la maji halipo. Nikalitafuta kila mahali, kumbe kaliweka juu ya kabati. Ananiambia, "Dada, asiponywa, hatakojoa." Nilipandisha sauti, sikatai, lakini Anti, mbwa mzee hanyimwi maji! Kama figo zina kasoro ambayo haijaonekana, unazimaliza. Na mkojo ukiwa mzito ndiyo unazidi kuunguza ngozi. Nilimweleza yote hayo. Akanijibu kwamba siku hizi naongea kama kitabu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimepiga magoti namsafisha. Utaratibu wangu ni huu: maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, namfuta mapaja kwa ndani na ile mikunjo iliyo karibu na uke, maana hapo ndipo unyevu unapojificha, kisha namkausha kwa taulo kwa kugandamiza bila kusugua. Manyoya ya huko nyuma nimeyapunguza kwa mkasi. Yeye ananitegea kichwa begani, mzito, anapumua. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Akaangalia weee, halafu akasema, "Hata mama hukumfanyia hivi."

Akaenda zake kuosha kikombe.

Sasa Anti, naomba uniamulie. Mama alipougua nilikuwa nafanya kazi mbali, na kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa inalipa matibabu. Kila mwezi nilituma. Godoro la mpira nililinunua mimi. Yeye alikuwa nyumbani kwa sababu ndiyo maisha yalivyokuwa, hakuna aliyemlazimisha. Sisemi hakuchoka. Alichoka, mikono yake ilichubuka kwa kufua, nilimwona. Lakini mimi sikukaa pembeni. Nilikuwa nakuja kila nikipata likizo.

Na kuna jambo ambalo halijui. Likizo ya mwisho niliingia chumbani na beseni ili nimwogeshe mama, maana usiku ule alikuwa amelowa. Mama alishika pindo la shuka kwa mikono miwili akalikaza kifuani. Akasema, "Wewe hapana. Niitie mdogo wako." Nikadhani hajasikia vizuri, nikasogea. Akageuza uso ukutani. Basi nikaliweka beseni chini nikaenda kumwita. Mdogo wangu alikuja anafuta mikono kwenye kanga, akanitazama tu. Najua alichofikiria. Alifikiri nimeona kinyaa.

Sikumwambia siku ile. Baada ya mazishi sikumwambia pia. Nilidhani halina maana tena, mpaka asubuhi ile ya kikombe.

Mbwa nimwache, au sivyo? Hapana, sikuja kuzungumzia hilo. Turudi kwenye nepi.

Nepi za watoto nazitoboa tundu la mkia na zinakaa vizuri, ila akigeukageuka upande mmoja unalegea. Nikimwacha nayo mpaka asubuhi nakuta ngozi nyekundu. Nikiamka kumbadilisha, mimi ndiye ninayesinzia kazini. Krimu za watoto zenye zinki daktari amenikataza kwa sababu atalamba, na zinki ni sumu kwa mbwa. Godoro lake nimelivika mpira, juu yake kuna taulo ninayobadilisha. Sakafu nimeacha kuisafisha kwa dawa zenye amonia, kwani kwa pua ya mbwa zinafanana na mkojo na zinamwita arudie palepale. Natumia sabuni yenye vimeng'enya, naimimina na kuiacha ikae kwanza ndipo nafuta. Kwa hiyo nyumba yangu hainuki, mtu asije akakudanganya. Labda kona moja.

Daktari anasema ipo njia ya kuongeza dawa nyingine ya homoni, estrioli, kama hii ya kwanza haitoshi tena, lakini anataka mkojo upimwe upya kabla ya kubadilisha chochote. Anataka pia kushughulikia maumivu ya nyonga, maana mbwa akiinuka bila maumivu anawahi nje. Nakubaliana naye. Mdogo wangu yeye anasema achomwe sindano ya mwisho, apumzike, na mimi nipumzike. Nilimuuliza daktari waziwazi, akaniambia kutokwa na mkojo peke yake si sababu, niangalie kama anakula, kama anainuka kunipokea, kama bado anapenda kutoka. Anakula. Ananipokea, ingawa siku hizi anafika nikiwa nimeshavua viatu. Kwa hiyo suala la sindano limefungwa, usinishauri kabisa. Ingawa nakiri kuna usiku nakamua tambara nikiomba yaishe, halafu nasimama palepale nasikiliza kama bado anapumua.

Mdogo wangu anaondoka wiki hii. Tunaongea vizuri, tunacheka, tunapika pamoja. Hajalirudia lile neno na nadhani ameshalisahau. Sitaki aniombe radhi. Ila kila akipita na kikombe nasubiri aseme kitu, na hasemi.

Nimwambie? Mama hayupo wa kujieleza. Nikisema, itaonekana namtupia marehemu lawama ili nijikoshe, na nitamwondolea mdogo wangu kitu kimoja alichobaki nacho, kwamba yeye ndiye aliyekuwepo. Tena anaweza kuniuliza kwa nini mama alinikataa, na jibu mimi sina. Nisiposema, ataendelea kunitazama hivyo hivyo kila nikishika beseni. Au labda nimngoje aende, kisha nimwandikie? Au niache tu, maana ni mdogo wangu na hakuwa na nia mbaya? Nilikuwa na nia ya kukuuliza nepi na umeona nilikofika.

Nijibu mapema kama unaweza. Jina langu usilitoe, na ikiwezekana punguza ile sehemu ya mama. Huyu mdogo wangu ndiye aliyenizoesha kusoma majibu yako, hakosi hata wiki moja, na akisoma habari ya beseni atajua ni mimi. Lakini kama nafasi ipo, basi iache ilivyo.

Msomaji wako