Furaha, usiache wale sili

Furaha ndugu yangu, asinge!

Habari za Cape Town? Baridi imepunguka? Huku tuko, mambo ya hapa unayasikia, Mungu anasaidia. Mama yako nilimuona Jumapili ku misa ya pili, iko na nguvu, alinituma nikuulize kama unakulaka vizuri. Bahati naye ameoa, ile hadithi ni ndefu nitakupigia juu yake, na Mama Solange wa Nyawera bado anangojea vitenge yake, anasema hata kama umesahau yeye hajasahau.

Sasa nikuambie kitu kinaniuma. Ile vokali yako, ile sauti ulinitumia ku simu. Umesema utaacha suje ya memwari yako ya masomo, ile ya sili, wale wanyama wa baharini wanaonyonyesha watoto, utaomba profu akupe suje ya samaki, kwa sababu yaya Déo, kaka yako, alikuuliza sili wako wapi ku Kivu na utarudi Bukavu kufanya nini nayo. Niliisikiliza, nikairudilia, usingizi ukakataa. Nakuomba usiache. Sikuombi hivyo juu wewe ni rafiki yangu tu, nakuomba kama mutu anayeshinda mu materinite, mahali wamama wanazalia, na anaona hiyo kazi yako inamugusa kabisa.

Unakumbuka ulinitumia ile makala ya Wafaransa wa kisiwa cha Amsterdam, kule chini mu bahari ya Hindi? Isabelle Charrier na wenzake, ya 2001. Niliisoma polepole na diksionere. Mama sili anazaa pale ku mawe katikati ya kelele ya wengine wote, kisha lazima arudi baharini kutafuta chakula, anaweza kumaliza wiki 2 ao 3 huko, mutoto anabaki peke yake na njaa. Akirudi anaita, na mu wale watoto wote wanaolala pale ni wake ndiye anaitika anakuja mbio. Lakini kilichonishika ni hii: mutoto anahitaji siku 2 mpaka 5 tangu azaliwe ili ajue sauti ya mama, na mama haendi kabla ya hapo. Anabaki. Njaa inamupiga na anabaki, mpaka mutoto ashike sauti. Ndipo anaenda.

Furaha, mimi nimeona kinyume cha hiyo mara mingi sana. Mama anazaa mutoto mudogo, kilo moja na kitu, wanamuchukua mbio wanamupeleka mu chumba kingine, mama anabaki huku na maziwa inamuuma, anauliza mutoto wangu iko wapi, tunamujibu tulia mama. Wenye kufanya hivyo si watu wabaya, ni nafasi hakuna na ni desturi ya zamani. Siku anaonyeshwa mutoto anamuangalia kama mutu wa kando, na mimi nasimama pale sina la kusema. Unajua mambo ya kangourou, kumufunga mutoto ku kifua ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá 1978 na daktari Edgar Rey juu kuvezi, zile mashine za kupasha joto watoto wadogo, hazikutosha, na ku 2022 OMS, shirika la afya la dunia, ilisema kabisa tuanze palepale mutoto akizaliwa, tusingoje kwanza apate nguvu. Mahali ninapofanya kazi bado wananiambia tungoje. Nitaendelea kusema mpaka wasikie. Na siku nilisoma juu ya yule mama sili anayekataa kuondoka nilisema basi, hata mnyama wa baharini anajua zile siku za kwanza si za kuchezea.

Na kuna ile ingine ulinieleza ku simu, ya Scotland, kisiwa cha May, sili wa kijivu. Walipima damu ya wamama wakaona mwenye oksitosini mingi ndiye anabaki karibu na mutoto wake. Oksitosini! Ile ile tunayomuchoma mama sindano akimaliza kuzaa ili asipoteze damu, ile tunayochunga mu frigo na umeme ukikatika roho inanipiga. Yaya Déo anauliza faida iko wapi. Mwambie ile kitu unachosoma ndani ya sili iko ndani ya bibi yake pia, ndiyo ilimusaidia kumuzaa Ornella na kumunyonyesha.

Ku hiyo ya sili hawako Kivu, mwambie Urusi iko ziwa Baikal, maji matamu, mbali kabisa na bahari, na sili wanaishi mule. Ndiyo ziwa ya kina kuliko zote duniani, ya pili ni Tanganyika yetu. Hiyo itamufurahisha, anapendaka kusikia ya Tanganyika. Lakini kusema ukweli hata kama sili hawangekuwa ku ziwa yoyote bado ningekuambia uendelee. Naelewa woga wake ni feza, bursa ya masomo itaisha na wadogo wenu wako masomoni, hiyo naiheshimu, na tuiongelee. Isipokuwa samaki haitakupa kazi juu ni samaki tu. Ukifanya kitu unachopenda utakifanya vizuri na watu watakuita. Na wewe unapenda sili, nilikusikia vile sauti yako ilibadilika siku unanieleza yule sili wanamwita wa kapushoni, kule ku barafu ya Atlantiki ya kaskazini, ananyonyesha siku 4 tu, maziwa karibu asilimia 60 ni mafuta, mutoto anaongeza kama kilo 7 kwa siku halafu mama anamuacha. Na hawa sili wako wa Cape Cross, kule Namibia, wananyonyesha karibu mwaka muzima. Mumoja anatoa vyote haraka haraka, mwingine anaenda anarudi, anaenda anarudi. Nilimwelezea Mama Chantal wa servisi, sasa kila tukionana ananiuliza wale wa Furaha wanasemaje.

Ngoja nirudi ku sauti, juu ndiyo haitoki mu kichwa. Ulisema kuna mwingine, Insley, alionyesha ku 2000 kama mama na mutoto wa sili wa kaskazini wanajuana sauti hata miaka 4 ikipita. Miaka 4. Niliwaza wale watoto waliopotezana na wazazi njiani wakati watu wanakimbia, wanaletwa na Msalaba Mwekundu baadaye, mutoto amekuwa murefu, mama hamutambui kwa sura mpaka mutoto aseme kitu. Sijui kama unaweza kuandika hiyo mu memwari, pengine profu atasema siyo sayansi, lakini wewe ijue wakati unaandika.

Sasa ninakuomba kitu. Kama uko na sauti zilizorekodiwa pale Cape Cross, mama akiita na mutoto akijibu, nitumie mu WhatsApp, ndogo ndogo juu mega ni bei. Nataka kuziweka mu kozeri, yale mazungumzo yetu na wamama asubuhi, wasikie, kisha niwaambie waongee na watoto wao, wawaite jina, hata wale walioko mu kuvezi. Mutoto wa binadamu anazaliwa akijua sauti ya mama tayari, aliisikia tumboni, na wamama wengi wananyamaza juu wanafikiri hasikii.

Na nijibu haya: profu umeshamwambia ao bado? Kama bado, unaweza kungoja mpaka tuongee? Nimuongeleshe yaya Déo mimi mwenyewe, ao atakasirika kama ulinieleza? Bursa inaishia lini kabisa? Nowemba na Desemba si ndio wakati wanazaa kule, kwa hiyo hautakuja Noeli? Mama akizaa mara ya kwanza anachelewa kumujua wake kuliko wazoefu? Yule mutoto ambaye mama hakurudi, kuna mama mwingine anamukubalia anyonye, ao wale mbweha wa pale ndio wanamumaliza? Na wewe ukiona hiyo unafanya nini, unaruhusiwa kusaidia? Unalia? Unakula?

Nsimire