Kwa Shee, Kabla ya Siku ya Shabaha

Mkomani, Lamu
Ijumaa, baada ya swala

Sahibu yangu Shee,

Assalaam aleikum. Barua yako imefika ikiwa imechanika pembe moja, lakini maneno yote yamo. Nyumbani hakuna baya. Mamako nilimpitia asubuhi kule Langoni, nikamkuta akiwagombeza mafundi wanaopiga lipu ukuta wa uani, na mwenye pumzi ya kugombeza mafundi namna ile haumwi. Alinituma nikwambie ule ushibe. Nimeshafikisha.

Sasa hilo la bunduki. Unasema mtihani wa shabaha umekaribia huko jeshini kwenu Marekani, na wenzako wa Texas na Alabama wamekua wakiwinda na baba zao, ilhali wewe bunduki uliiona mabegani mwa askari wa doria tu, pale gatini. Unajiona umeachwa nyuma. Hujaachwa. Nilipokuwa kurutu Eldoret, waliowatoa jasho masajini hawakuwa sisi watu wa pwani tuliokuja mikono mitupu. Walikuwa wale waliokwisha kushika bunduki makwao wakilinda mifugo, kila mmoja na namna yake ya kushika na kufyatua. Mtu kama huyo ana kazi mbili, kusahau na kujifunza. Wewe una moja. Mfuate sajini wako hata kwa lile unaloliona la kitoto.

Sisi tulifunzwa na bunduki ya G3, risasi ya milimita 7.62, teke lake bega linalijua mpaka usiku. Hiyo bunduki yenu ya M4 ni nyepesi, risasi yake ni 5.56, na teke lake si la kumtisha mtu mzima. Kwa hivyo teke usilisingizie. Umeeleza kwamba kwenye karatasi ya shabaha ya mita 25 risasi zako tano zimetawanyika, nyingi zikiangukia chini, na kwamba kila baada ya raundi unatamani kuzungusha skrubu za kulengea. Usiziguse! Risasi zikikaa pamoja lakini kando ya alama, hapo bunduki ndiyo ya kurekebishwa, na kazi hiyo ni ya dakika chache. Zikitawanyika, wa kurekebishwa ni mpigaji. Wanataka zikae ndani ya duara la sentimita 4. Mpaka ulifikie hilo, habari ya kupiga katikati iache kabisa, zikusanye tu, hata kama zinajikusanya pembeni.

Zile za kuanguka chini nazijua. Ni mlio unaouogopa. Mwili unajua kishindo kinakuja, basi kabla hakijaja bega linajisukuma mbele, kope zinafunga, mtutu unazama, na mwenyewe una yakini hukutikisika hata kidogo. Mwombe sajini akuruhusu jambo moja, nao wote wanalijua: mwenzako akupakilie magazini, kile kisanduku cha risasi, achanganye risasi za kweli na za bandia, usione alivyozipanga. Ukifika kwenye ya bandia bunduki hailii, na hapo utauona mtutu wako ukijiinamia wenyewe mchana kweupe. Hakuna maelezo yatakayokuingia kuliko hayo.

Dawa yake haihitaji risasi hata moja. Bwenini, bunduki ikiwa imekaguliwa na haina kitu, lala chini, mwenzako aweke sarafu juu ya mtutu karibu na ncha, kisha ivute triga mpaka isikike ikigonga. Sarafu ikianguka, rudia. Kidole kiguse triga kwa ncha yake, kirudi nyuma moja kwa moja polepole, na shinikizo liongezeke bila kusitasita. Hutakiwi kujua italia saa ngapi. Ikishalia, usikiachie kidole kwa haraka. Kishikilie nyuma, ndipo ukilegeze. Nina hakika makurutu wengi huliona zoezi hili la kuchosha wakalifanya nusu nusu huku wakipiga soga, ndiyo maana wanaolifanya kwa dhati huwapita. Wewe usingizi hukupati upesi tangu tuko madrasa. Tumia muda huo.

Pumzi usiibane kwa nguvu, utatetemeka. Toa hewa kama kawaida, na kabla hujavuta nyingine kuna kipindi kidogo kifua kimetulia, mfano wa maji yanapokuwa yamekufa pale mbele ya gati, hayajai wala hayapwi. Piga hapo. Kikikupita, vuta pumzi uanze upya, usilazimishe.

Kuhusu jicho, watu wengi hukodolea ile sanamu ya shabaha iliyo mbali, kwa kuwa ndiyo adui na ndiyo inayotaka kuangushwa. Mimi nakwambia itazame kwa ukungu. Unachotakiwa kukiona waziwazi ni kile kinundu cha mbele cha bunduki, kikae katikati ya tundu la nyuma. Hesabu yake iko hivi: kwenye M4, kutoka tundu la nyuma mpaka kinundu cha mbele ni kama sentimita 37. Kinundu kikienda kando milimita 1 tu, risasi kwenye mita 300 itakuwa imepotea kwa takriban sentimita 80, na sanamu yenyewe upana wake ni kama nusu mita. Mtu hulaumu upepo, kumbe ni milimita.

Halafu hakikisha ni jicho lipi linalotawala. Nyoosha mikono yote miwili, viganja viungane viache kitundu kidogo katikati, tazama kitu cha mbali kupitia kitundu hicho macho yote yakiwa wazi, kisha funga jicho moja moja. Jicho ambalo ukilifunga kile kitu kinapotea, hilo ndilo lako. Ukikuta ni la kushoto na wewe unapigia bega la kulia, mwambie sajini mapema, si asubuhi ya mtihani. Na shavu liguse kitako cha bunduki mahali palepale kila mara. Wapo wanaoweka ncha ya pua kwenye kile kishikio cha kukokia bunduki ili wasipoteze mahali. Ni mbinu nzuri, hata kama utatoka na pua nyeusi.

Bunduki ibebwe na mifupa, misuli huchoka. Ukilala, viwiko vikae imara, kisha jipime: lenga, fumba macho, vuta pumzi mbili tatu, fumbua. Ukiona kinundu kimehamia kando ya shabaha, usikirudishe kwa mikono, maana mikono itachoka na kitarudi kulekule. Sogeza kiuno na miguu, mwili mzima uhame mpaka bunduki ielekee shabaha yenyewe bila wewe kuisukuma. Hili kwangu ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo wasilolionyesha kwenye filamu. Huko mtu hukimbia, hugeuka, hupiga hewani, na hakosi.

Siku yenyewe unaijua: risasi 40 kwa sanamu 40, kuanzia mita 50 hadi 300, magazini nne za kumi kumi. Unaanza umesimama, unashuka chini kupiga ukiwa umelala bila egemeo, kisha umelala na egemeo, kisha umepiga goti, mwisho umesimama. Kubadilisha magazini na kuhama mkao ni juu yako mwenyewe, hakuna wa kukupigia amri. Basi mazoezi ya kubadilisha magazini yafanye hata gizani, jicho likiwa mbele, mkono ujue njia. Watu wenye shabaha nzuri kabisa wameangushwa na magazini iliyokataa kuingia.

Risasi ni moja kwa kila sanamu. Ukikosa ukapiga ya pili, umemnyang'anya mwenzake ajaye. Iliyopotea imepotea, jicho liende kwa nyingine. Zinapotokea mbili au zaidi kwa pamoja usibabaike. Tena usizidharau za mita 50. Wengi hukosa zile za karibu kwa pupa, halafu wanajisifu kwa moja ya mita 300 waliyobahatisha.

Ukipata 23 umepita. Ukifika 30 unapanda daraja, na kuanzia 36 ndiyo daraja la juu na beji yake ya kifuani. Najua wewe na kiburi chako utataka 36. Kwa mara hii ya kwanza mimi ningeridhika na kupita kwa raha, kwani mtihani huu utaurudia utumishi wako wote, na walioshindwa hurudishwa kufunzwa wakapiga tena. Si mwisho wa dunia, ingawa sajini atakufanya uone hivyo.

Usiku wake lala. Maji kunywa tangu jana yake, maana joto lenu la huko mjini Columbia umesema lina unyevu hata mashuka hayakauki. Jasho lipanguse kabla hujalala kwenye mkao, likiingia jichoni umekwisha. Kahawa tungu huko hamna, na kwa siku hiyo ni heri, mkono utatulia. Kidole kikae nje ya triga mpaka uwe umelenga, na mtutu usimgeukie mtu hata ukiwa una hakika bunduki ni tupu. Kwa hilo hata mpiga shabaha hodari hufukuzwa uwanjani, na hufukuzwa kwa haki.

Habari za huku ni zilezile. Kusi limeanza kuvuma, mashua za Mokowe zinarusha maji na abiria wanarusha matusi. Kakako ameitoa mashua majini aipige kalafati, anasema wiki moja, nawe unamjua. Nyumba ya pili kutoka kwenu imeuzwa kwa mgeni, na sasa wanabishana juu ya wikio, kile chumba cha daraja kinachopita juu ya njia, nani mwenye haki nalo. Mamako ana rai yake katika shauri hilo, tena ameitoa kwa sauti.

Simu najua wamezifungia, basi niandikie Jumapili wakiwapa nafasi, unieleze risasi zimekaa wapi. Nichoree lile kundi kwenye karatasi, juu, chini, kushoto, kulia, nami nitakujibu. Lakini andika kwa utulivu, bwana. Ile sentensi yako ya ukurasa wa pili tumeisoma watu watatu na hatukukubaliana kama umesema sajini wako ni mkali au ni mkwezi.

Nduguyo,
Athman