Watoto wetu bajue majina ya ndege

Bwana Muhariri, jambo sana. Naomba kanafasi kidogo kwenye gazeti yenu.

Kule Uingereza, tangu 1979, kila mwisho wa Januari batu banakaa saa moja kwenye dirisha ao kwenye bustani, wazee na watoto, banahesabu ndege na kila moja banaitaja jina yake. Na siye je? Ule mbayuwayu mwenye koo nyekundu, mugongo wa bluu unaong'aa na mukia wenye nyuzi mbili ndefu, tunamuona hapa Bukavu juu ya ziwa, anazaliaka hata kwenye mazizi ya kule Uingereza na baridi ikianza anakimbilia Afrika. Mwaka 1911 kuna moja walimufunga pete ku mguu kule Staffordshire, Uingereza, Desemba 1912 wakamupata Natal, Afrika Kusini, mbali vile! (Mwenye alama nyeupe ku mugongo, pale mukia unaanzia, ni mbayuwayu mwingine, musichanganye.) Halafu mutoto wa kwetu anamupiga manati bila kujua ni nani, inaniuma sana.

Tunaomba mutuwekee kila yinga foto ya ndege moja wa huku na alama zake, walimu batakata batabandika ku darasa.

Musomaji wenu, Ibanda, Bukavu