Nina deni la matanga, na biashara inakwisha

Shangazi, pokea salamu kutoka Kisumu. Mimi ni mjane wa miaka 41, nauza omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, katika soko la Kibuye, na nina watoto watatu shuleni.

Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Aliyeweka magunia yaliyokauka vizuri ndiye huuza wakati huo, maana bei ya gorogoro, kopo tunalopimia, hupanda. Faida yangu ya mwaka mzima iko hapo, kwa hiyo lazima nifike Machi nikiwa na akiba. Miaka mitatu sasa nafika Machi mikono mitupu.

Pesa huishia matangani. Chama chetu kina akina mama 14, na mweka hazina huandika kwenye WhatsApp jina la kila mtu na alichotoa. Wenzangu wakiwa na 2,000, nitaandikwaje 300? Mwaka jana nilichangia mazishi ya mtu ambaye sikuwahi kumwona, nikanunua kitenge cha sare, nikalipa nauli hadi Siaya. Niliporudi nikakopa kwa simu ili mtoto asifukuzwe kwa ajili ya karo.

Lakini usiwaone vibaya, Shangazi. Mume wangu alipofariki mwaka 2019, ni wao waliolipia hema na viti. Walipika, wakateka maji, wakakesha nami mpaka tukamzika. Mama mkwe wangu huwaombea hadi leo. Wangekuwa watu wabaya ningeshatoka zamani.

Nilimwomba mwenyekiti tuweke kiwango kimoja ambacho hata anayeuza kidogo atakimudu. Aliniuliza, mbele ya wote, kama nimesahau walionisaidia kumzika mume. Nilinyamaza. Jioni mmoja wao alinifuata kibandani akaniambia kwamba hata yeye anakopa ili achange. Mbele ya wenzetu hakusema neno.

Sasa ni Februari na nina 38,000. Juzi mwenzetu amefiwa na baba mkwe. Tumeambiwa 3,000 kila mmoja, na sare juu yake. Nikitoa, hilo ni gunia limepungua, na najua msiba mwingine hautakawia. Nikikataa, naogopa siku yangu ya kufiwa nitalia peke yangu.

Nifanye nini, Shangazi? Na nikiamua kutoa kidogo, niwaambie maneno gani?

Mama Omena,
Kisumu