Kwa mpwa wangu anayetaka kuuza tableti anunue kamera ya mkanda

Mpwa wangu,

Mama yako kanieleza kwamba unataka kuuza tableti yako ya kuchorea ili upate kamera ya mkanda, ile ya filamu. Kamera nunua, mimi sikuzuii. Kilichonikera ni sababu uliyompa: eti kuna mtu amekwambia kazi zako si picha bali ujanja wa kompyuta, na kwamba picha ya kweli ni ya mkanda. Nakuandikia hadharani kwa kuwa najua hukuambiwa hivyo peke yako.

Huyo aliyekwambia, mpeleke Lamu. Omar Said Bakor, aliyefariki 1993, alikuwa na studio yake mjini pale, na kazi alijifunza mwenyewe. Zinazosifiwa zaidi ni zile alizounganisha picha tofauti zikawa moja, jambo unalolifanya wewe kwa leya, zile tabaka za picha kwenye programu yako. Kompyuta hakuwa nayo. Wala si yeye aliyeanza. Mwaka 1857 huko Uingereza, mpiga picha Oscar Rejlander aliunganisha negativu (picha za kinyume za kuchapia) zaidi ya 30 kwenye picha moja kubwa, na watu wa zama zake nao wakabishana vilevile kama hiyo ni picha au si picha.

Na hao ni mafundi wakubwa. Studio za kawaida, zile za picha ya ukutani na picha ya harusi, zilikuwa na penseli. Unajua kazi yake? Kwenye negativu kila kitu kimegeuka: cheusi ni cheupe, cheupe ni cheusi. Basi kovu au kunyanzi la mteja hutokea pale kama alama inayopitisha mwanga. Fundi anachonga penseli ikawa kama sindano, anaijaza alama ile kidogo kidogo kwa risasi ya penseli, mwanga unapungua pale, na picha ikichapwa ngozi inatoka laini. Bibi harusi anafurahi. Leo mtu anabonyeza kitufe kwenye simu tunamwita mwongo!

Chumba cha giza nacho ni hivyohivyo. Karatasi iko chini ya mashine ya kukuzia, mwanga unashuka, na fundi anaingiza mkono wake katikati. Uso umezidi weusi, anauzuia mwanga usiufikie kwa kipande cha karatasi kilichofungwa kwenye waya, huku akikitikisatikisa ili mpaka wake usionekane. Mbingu imetoka nyeupe tupu, anaziba kwingine kote na kuiongezea mbingu sekunde kadhaa. Fungua programu yako uangalie vile vialama viwili, cha mkono uliokunjwa na cha kijiti chenye duara. Ni hao mafundi, na zana zao.

Halafu hiyo kweli ya mkanda wenyewe. Kwa miaka mingi maabara za Marekani na Ulaya zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kama kadi ya Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Ngozi zetu zilitoka kama zitakavyotoka, meno na macho yakielea kwenye giza. Kwa hiyo mtu akinihubiria kuwa mkanda hausemi uongo, huwa nauliza tu ni wa rangi au wa nyeusi na nyeupe.

Sasa kwa nini nasema kamera nunua? Kwa sababu mkanda unakulazimisha kuamua mapema, na wewe, nikikutazama kazi zako, unaamua mwishoni. Unapiga tu, ukijua utapanga baadaye. Kwenye negativu ya nyeusi na nyeupe, sehemu ya giza ambayo haikupata mwanga wakati wa kupiga haina kitu, na hakuna dawa itakayokiumba. Sehemu ya mwanga mkali ndiyo unayoweza kuitawala baadaye, kwa muda unaoupa mkanda kwenye dawa ya kuoshea: ukipunguza muda inatulia, ukiongeza inakolea. Kamera ya kidijitali imepinduka: kilichoungua kwa mwanga kimepotea kabisa, ila gizani bado unaweza kuchota mengi.

Chukua bwana harusi mwenye ngozi nyeusi, kanzu nyeupe, saa sita mchana, uwanjani. Kwa kidijitali unailinda kanzu, uso utaunyanyua baadaye. Kwa mkanda unapima uso kwanza, unaupa mwanga wa kutosha, na kanzu utaishughulikia kwenye dawa. Ni mtu yuleyule, jua lilelile, na uamuzi wa kinyume. Ukishalifanya hilo mara kadhaa, hata ukirudi kwenye tableti hutatazama mwanga kwa jicho lilelile.

Kuhusu kuosha, usikimbilie kupeleka maabara. Fanyia bafuni. Maelekezo ya dawa yameandikwa kwa nyuzi joto 20, na maji ya bomba ya Dar mwezi Februari hayazijui nyuzi 20. Mkanda wa HP5 Plus, ambao ni wa nyeusi na nyeupe, kwenye dawa ya kuoshea ya ID-11 isiyozimuliwa ni dakika 7 na nusu kwa joto hilo. Maji yakiwa moto kama yetu, muda unashuka chini ya dakika 5, na hapo dawa haiwahi kusambaa sawasawa. Mbingu inatoka na mabaka. Dawa izimue kwa maji, nusu kwa nusu. Muda wa nyuzi 20 unakuwa dakika 13, kwa hiyo hata ukiukata kwa ajili ya joto bado una nafasi ya kupumua. Chupa zote zikae kwenye beseni moja la maji yaliyopozwa kwa barafu, pamoja na ya kusuuzia. Ukitoa mkanda kwenye dawa ya baridi ukaushindilia kwenye maji ya moto, ile gelatini, utando unaobeba picha, inaweza kukunjamana.

Dawa ikikushinda bei, kuna njia ya kahawa. Mwaka 1995 huko Rochester, Marekani, mwalimu Scott Williams na wanafunzi wake walionyesha kuwa kahawa ya kuyeyuka ikichanganywa na soda ya kufulia inatoa picha kwenye mkanda. Baadaye watu wakaongeza vitamini C. Soda hiyo ni ndugu wa magadi yetu ya kupikia maharage. Kiwanda cha Magadi, Kenya, huyachoma magadi yakawa soda kamili. Mimi ya kwetu sijaijaribu, ila inaniwasha mkono. Dawa ya kukazia picha lakini ni ya dukani, hiyo kahawa haiiwezi. Na sufuria za mama yako usiziguse.

Ukienda kununua, fungua mgongo wa kamera uguse sponji za pembeni: zikinata kidoleni, mwanga utavuja. Mulika tochi ndani ya lenzi uangalie nyuzinyuzi za ukungu, maana pwani ukungu haukosi. Sikiliza shata, kile kilango cha kupitishia mwanga, kwenye sekunde moja. Kamera nyingi za zamani hukwama hapo.

Tableti usiuze. Negativu zako utaziskani, na kazi ya kuunganisha utaimalizia humohumo, bila kumwomba mtu radhi. Nikija Disemba nitakuja na tanki langu la kuoshea mkanda na kipimajoto. Barafu utatafuta wewe.

Mjomba wako,
Tanga