Illinois ilistahili zaidi ya sentensi moja

Mhariri,

Makala yenu kuhusu adhabu ya kifo Marekani ililitaja jimbo la Illinois kwa sentensi moja tu. Tangu adhabu hiyo irejeshwe huko mwaka 1977 hadi 2000, watu 12 waliuawa kisheria, huku 13 wakitolewa kwenye foleni ya kifo baada ya hukumu zao kubatilishwa. Gavana George Ryan, ambaye awali aliiunga mkono adhabu hiyo, alisitisha utekelezaji wake. Januari 2003, siku mbili kabla ya kung'atuka, aliwapunguzia adhabu wafungwa zaidi ya 160. Sheria yenyewe ilifutwa 2011.

Lakini mimi navutiwa zaidi na hatua isiyosemwa sana: mwaka huohuo wa 2003, Illinois ilipitisha sheria ya kuwalazimu polisi kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Baadhi ya waliohukumiwa kufa walikuwa wamekiri baada ya kuteswa na polisi wa Chicago.

Hapa Kenya, Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa wauaji mwaka 2017, ila hukumu yenyewe ingalipo. Bunge lipitishe sheria ya kurekodi mahojiano hayo, na wakili wa mshukiwa apewe nakala kabla kesi haijaanza kusikizwa.

Msomaji,
Nakuru